Laptopu inasema memori imeisha wakati RAM naiona bado ipo, mafundi wa Chuga na Moshi njooni

mama_steshenari (Moshi):
Wakuu habarini za muda huu, naomba msaada maana kichwa kinaniuma na wateja wamejaa mlangoni. Nina steshenari yangu hapa Moshi karibu na soko la Mbuyuni, natumia laptopu ya HP EliteBook 840 G3, RAM 8GB, SSD ya 256GB, Windows 10, niliinunua used. Msimu huu wa watoto kuomba mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo nashinda naskani vyeti vya kuzaliwa, vya form four, fomu za wadhamini zilizogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, huku Chrome ina kurasa sijui ngapi na Word iko wazi na mwingine kasimama pembeni anataka pasipoti saizi. Asubuhi inakimbia vizuri tu. Ikifika mchana inaleta kijimeseji kwamba memori imepungua nifunge programu nisipoteze kazi, nikizubaa kidogo Chrome inakuwa nyeusi na Word inajifunga yenyewe, jana tumejaza fomu ya binti mmoja karibu tunamaliza ikatuacha hewani. Kinachonichanganya, nikiangalia RAM inaandika asilimia 70 hivi, sasa imeisha wapi? Kuna fundi aliifanyia "optimaizesheni" juzijuzi akasema itakuwa nyepesi, nikimpigia sasa hivi ananiambia ninunue nyingine. Nisaidieni kabla sijaitupa mto Karanga.

Ndizi_Mshare:
Piga Windows upya dada, hao ni virusi tu. Ila ngoja waje wataalamu.

chalii_wa_Kijenge (Arusha):
Oya dada usihangaike, chomeka flashi ya 32GB, ifungue propatizi utaona ReadyBoost, iruhusu itumie flashi yote. Hapo RAM yako inakuwa 40. Niliifanya kwenye mashine ya mshua enzi hizo ikawa inapaa.

Meku_wa_Marangu:
40 ya wapi wewe chalii. ReadyBoost ilikuja na Windows Vista mwaka 2007, kazi yake ni kuweka kwenye flashi nakala ya vitu vinavyosomwa mara kwa mara kwa sababu diski (hard disk) za wakati ule zilikuwa goigoi. Haiongezi RAM, haiongezi vachuo memori (ile sehemu ya diski inayoisaidia RAM), hata baiti moja. Na mwenzio ana SSD, Windows yenyewe itamkatalia imwambie mashine yako ina kasi ya kutosha. Tusimtume mtu dukani kununua flashi bure ase.

fundi_Mianzini (Arusha):
Dada pole na kazi. Usipige Windows na usinunue kitu chochote kwanza, nipe namba. Kile kijimeseji kikitokea bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager itafunguka, nenda Performance halafu Memory. Chini ya magrafu pana neno Committed lina namba mbili zimetenganishwa na mkwaju. Niandikie zote mbili kama zilivyo, uniandikie na ya In use, halafu uniambie diski ya C imebaki na nafasi kiasi gani. Ile asilimia achana nayo, ndo inayokupoteza.

mama_steshenari:
Kaka nimesubiri mpaka imetokea. In use 5.5GB. Committed 7.6/7.9GB. C imebaki 9GB kati ya 237, nyingine ni skani za wateja na muvi za mwanangu.

fundi_Mianzini:
Basi nusu ya ugonjwa tumeshaupata. Angalia hiyo 7.9. Hicho ni kikomo cha ahadi zote ambazo Windows inaweza kuzipa programu zako kwa pamoja, na kinapatikana kwa kujumlisha RAM na pejifaili, yaani lile faili la pagefile.sys linalojificha kwenye C. RAM yako 8, kuna kidogo kinachochukuliwa na mashine yenyewe, unabaki na 7.9. Sasa kama jumla ni 7.9 na RAM peke yake ni 7.9, pejifaili ni ngapi? Sifuri. Hiyo ndo optimaizesheni uliyofanyiwa, pejifaili imezimwa.

Kwa nini RAM unaiona ipo lakini unaambiwa imeisha: programu ikifunguka inaomba nafasi kubwa kuliko inayohitaji muda huo, na Windows inaiandikia palepale hata kama haijaigusa. Ni kama basi la Dar pale stendi, unaziona siti tupu kabisa lakini konda anakwambia limejaa, tiketi zimeshakatwa na wenyewe wako nje wananunua maji. In use ni waliokaa, Committed ni tiketi. Na Windows haikati tiketi ambayo haina siti, iwe kwenye RAM au kwenye diski, ikifika mwisho inakataa, na programu nyingi zikinyimwa nafasi hazina ustaarabu wa kukuambia, zinajifia tu. Ndo hiyo Chrome nyeusi na Word kujifunga.

Sasa fanya hivi. Kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, Enter. Nenda Advanced, pale kwenye Performance bonyeza Settings, Advanced tena, halafu kwenye Virtual memory bonyeza Change. Kitiki cha juu kabisa utakikuta kimetolewa na kwenye C imeandikwa None. Rudisha hicho kitiki ili Windows isimamie yenyewe, OK zote mpaka mwisho, zima uwashe. Wakija wa kukuambia weka pejifaili ya mara moja na nusu ya RAM, hesabu hiyo ni ya zamani za watu wenye RAM ya megabaiti, Windows 10 ikiachiwa inaweza kuikuza pejifaili mpaka mara tatu ya RAM ilimradi isivuke sehemu moja ya nane ya diski, kwako ni kama 24GB. Ila C yako ina 9 tu na pejifaili haiwezi kukua pasipo na nafasi, kwa hiyo zile muvi zitafutie pa kulala.

chalii_wa_Kijenge:
Fundi heshima yako lakini pejifaili inaua SSD, kila mtu anajua. Mimi nimezima kitambo na nagemu fresh tu.

fundi_Mianzini:
Una RAM ngapi?

chalii_wa_Kijenge:
32

fundi_Mianzini:
Eeh sasa 32 na 8 wapi na wapi mwanangu, wewe hujawahi kufika kwenye ukuta ndo maana huujui. Hata wewe siku moja kuna gemu litakuja kuomba nafasi kubwa litakufungia usoni. Halafu mashine isiyo na pejifaili ikileta skrini ya bluu inashindwa kuandika ile rekodi ya ajali, fundi anayekuja nyuma anabaki kubahatisha.

Kuhusu kuua SSD tupige hesabu. Samsung 860 EVO ya 250GB, diski ya kawaida tu ya watu wa kawaida, kampuni inaidhamini mpaka uiandikie terabaiti 150. Tuseme pejifaili inaandika 10GB kila siku, kwa steshenari naona hata ni nyingi, hiyo ni siku 15,000. Miaka 41. Hiyo laptopu bawaba zitakuwa zimeshakatika zamani.

Ndizi_Mshare:
Mimi naonaga haya mambo ya vachuo memori ni Microsoft kutubania ili tununue RAM.

Meku_wa_Marangu:
Microsoft imeanzishwa 1975. Ujanja wa kuifanya diski ijifanye memori ulikuwepo tangu kompyuta ya Atlas, Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, 1962, na wao walikuwa wanatumia ngoma la sumaku linalozunguka. Lengo lilikuwa hilihili, memori ilikuwa ghali na kazi ni nyingi. Sasa tumuache mama wa watu atatue shida yake.

Ndizi_Mshare:
Haya mzee nimekaa. Lakini kwenye nafasi nina mchango wa kweli, afungue komandi promti kama administreta aandike powercfg /h off. Lile faili la haibanesheni linaondoka, kwa mashine ya 8GB anapata kama 3GB palepale.

fundi_Mianzini:
Hilo ni la kweli kabisa, hiberfil.sys kwa kawaida inakula asilimia 40 ya RAM. Ila afahamu kwamba ile kuwaka haraka asubuhi nayo inaondoka, na haibanesheni haipo tena. Kwa mtu ambaye umeme unaweza kukatika na betri ya used inakaa dakika kumi, mimi haibanesheni ningemuachia, betri ikifika mwisho mashine inalala na kazi zake zote. Muvi zitoke kwanza.

mama_steshenari:
Nimerudi wakuu. Fundi wewe ni mchawi, nimekuta None kama ulivyosema. Nimerudisha kitiki, muvi nimezihamishia eksteno, C sasa ina 60GB. Asubuhi Committed ilikuwa 5.2/10 nikafurahi. Lakini saa nane hii mashine imekuwa nzito, meseji haijatokea tena ila nikibadilisha kutoka Word kwenda Chrome nasubiri mpaka naona aibu mbele ya mteja. Nimeangalia Committed inasema 14.8/17.2. Wateja ni walewale na kurasa za Chrome ni zilezile, sasa hizi giga kumi zinatoka wapi?

chalii_wa_Kijenge:
Dada hapo weka ile app ya kusafisha RAM, unabonyeza mara moja inashuka mpaka asilimia 30.

fundi_Mianzini:
Chalii leo umeamkia wapi. Zile app zinazifukuza programu kutoka kwenye RAM, zinasukumiwa kwenye diski, grafu inashuka unafurahi, halafu ukigusa Word inaanza kurudishwa kutoka kwenye diski kipande kwa kipande, vipande vya kilobaiti 4. Committed haishuki hata kidogo, kwa sababu kile programu ilichoandikiwa bado ni chake.

Dada, pejifaili imekuokoa na kufungiwa lakini pana programu inakula na haishibi. Tuitafute.

mwl_Rau (Moshi):
Naomba kuingilia. Windows huwa inaandika yenyewe nani alikuwa mlaji mkubwa. Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, upande wa kulia bonyeza pa kuchuja uandike namba 2004. Ile siku meseji ilipotokea lazima Resource-Exhaustion-Detector iliandika. Ukifungua utakuta programu tatu zilizokuwa zinaongoza na kiasi kwa baiti.

mama_steshenari:
Mwalimu ipo! Ziko nyingi kweli, kila siku mchana. Ya kwanza kwenye orodha siku zote ni ile programu ya skana, juzi inaandika baiti 4,0 na tarakimu nyingine nyingi huko mbele nimehesabu ni bilioni nne. Ya pili na ya tatu ni chrome. Lakini jamani skana ni kidude kidogo kinakaa pale chini karibu na saa, mimi nilidhani ni Chrome.

mwl_Rau:
Bilioni nne ni kama 4GB, nusu ya RAM yako yote. Sasa nenda Task Manager kwenye Details, bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu, chagua Select columns, weka tiki kwenye Commit size. Usiangalie ile safu ya Memory ya kawaida, ile inaonyesha kilichokaa kwenye RAM tu, kilichosukumwa kwenye diski huwezi kukiona. Soma ya skana.

Halafu swali moja, unaskani kwa dpi ngapi, yaani nukta ngapi kwa kila inchi?

mama_steshenari:
Commit size ya skana 9,7 na ushee, yaani milioni tisa na laki saba K. Dpi 600 rangi. Yule fundi aliniwekea akasema ndo kwoliti.

mwl_Rau:
Hapo sasa. Karatasi ya A4 kwa dpi 600 ni nukta kama 4,960 kwa 7,016, zidisha unapata karibu milioni 34.8, kila nukta ya rangi inachukua baiti 3. Ukurasa mmoja ni megabaiti 104 ukiwa kwenye memori. PDF unayoisevu ni ndogo kwa sababu imebanwa, lakini kabla ya kubanwa ni 104. Ukurasa mia moja ni zaidi ya 10GB, na msimu huu mia moja unazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Programu nzuri ikishasevu inaachia. Hebu skani ukurasa mmoja huku unaangalia ile safu, usevu, uone kama inarudi.

mama_steshenari:
Mwalimu nimekaa naiangalia hivi. Nimeskani cheti kimoja imepanda kama laki moja, ikatulia. Nimesevu PDF, haijashuka. Nimefunga dirisha la skana, haijashuka! Kile kialama cha chini bado kipo. Cha pili tena ikapanda laki moja nyingine. Nikaenda pale karibu na saa nikabonyeza kulia Exit, mara Committed imetoka 14 na kitu mpaka 5.4, na mashine imekuwa kama asubuhi. Mteja ananiuliza nacheka nini.

fundi_Mianzini:
Mwalimu umemaliza kila kitu. Hiyo programu inashikilia kila ukurasa mpaka siku unapozima mashine, na ukifunga dirisha haijafungwa, inajificha tu.

Dada, weka dpi 300, na vyeti visivyohitaji rangi viwe kijivu. Ukurasa wa 300 wa rangi ni 26MB, wa kijivu haufiki hata 9. Mifumo ya kuombea yenyewe haipendi mafaili makubwa, kwa hiyo ile 600 ilikuwa inakutesa mara mbili, unaskani kubwa halafu unaanza kutafuta tovuti ya kupunguza saizi. 600 iwe ya picha za zamani za watu wanaotaka kusafisha. Halafu Task Manager pale Startup iondoe skana isiwe inajiwasha, uifungue ukiihitaji na uitoe kwa Exit. Na angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama kuna toleo jipya la programu, wakati mwingine wameshalirekebisha. Likiwa bado hivyohivyo, Windows ina Windows Fax and Scan yake humohumo ndani, ni ya kizamani kwa sura lakini ukiifunga imefungwa.

bwana_Kahawa (Tengeru):
Wakuu samahani kudandia uzi. Mimi RAM yangu 4GB lakini inaandika zinazoweza kutumika ni 2.9 tu. Nimeongeza pejifaili haibadiliki.

fundi_Mianzini:
Una Windows ya biti 32 hiyo, anwani zake zinaishia 4GB na vifaa vingine kama grafiksi vinakula humohumo. Pejifaili haigusi hilo. Prosesa yako ikiwa inakubali biti 64 sevu vitu vyako pembeni uweke ya biti 64, hakuna njia ya kuigeuza bila kuifuta.

mama_steshenari:
Sasa kaka fundi, kwa hali hii RAM ninunue au nisinunue? Kuna mtu hapa Double Road ananiambia anayo ya kutoka kwenye EliteBook 840 G1, anasema zote ni 840 itaingia.

fundi_Mianzini:
Haiingii. G1 inatumia RAM ya aina ya DDR3L, ina pini 204, G3 yako ni DDR4, pini 260, na ule mkato wa katikati uko sehemu nyingine kabisa. Akilazimisha ataivunja sloti na hatakulipa. Kwanza fanya kazi siku kadhaa na hiyo 300, halafu mchana fungua Resource Monitor, pale Memory kuna grafu ya Hard Faults, yaani mara ngapi vitu vinarudishwa kutoka kwenye diski. Ikiwa inaruka kidogo ukifungua programu halafu inalala, RAM inakutosha, pesa nunulia wino. Ikiwa inakaa juu muda wote huku In use imegusa 7 kwenda juu hapo ongeza. Kwenye Task Manager soma Slots used, ikiandika 1 of 2 unachomeka tu 8 nyingine ya DDR4 ya laptopu pembeni ya hiyo, huitoi ya zamani. Chomoa chaji na betri kabla hujagusa.

Meku_wa_Marangu:
Na ajue Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za G3 ni za kizazi cha sita, Windows 11 kwa utaratibu rasmi haizitaki. Sio kwamba inazimika, ila akiweka hela aweke kwa akili.

mama_steshenari:
Asante meku, nimeelewa. Leo nimepiga kazi mpaka saa kumi na moja Committed haijavuka 7.1. RAM nitaangalia hiyo Hard Faults kwanza.

chalii_wa_Kijenge:
Dada ukiamua mimi ninayo moja hapa 8GB DDR4 2133 imetoka kwenye mashine ya bro, naituma na Coaster inafika Moshi siku hiyohiyo. Bei inboksi.

Meku_wa_Marangu:
Bei iweke hapahapa tuione.